Zege Jipya Juu ya Zege la Kale

Wasikilizaji wetu wa Masasi, wa Newala na wa pande zote za uwanda wa juu wa Makonde, jioni ya leo nakusudia kusema nanyi juu ya jambo linalokanyagwa kila siku na miguu yetu, na ambalo maji ya kunywa ya nyumba nyingi za nchi hii hulitegemea, lakini ambalo ni nadra kupewa nafasi katika mazungumzo ya watu: nalo ni namna zege jipya linavyoweza kushikamana na zege lililotangulia, na sababu zinazofanya, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, lisishikamane nalo.

Kuongeza kipya juu ya cha kale si jambo la jana katika mwambao wetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una sehemu ndogo iliyotangulia na sehemu kubwa iliyoongezwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kwa chokaa na matumbawe. Na saruji yenyewe, ile ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliipa jina la Portland mwaka 1824, imeingia katika habari za nchi hizi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1876 aliliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hata wakapata maskani Masasi, ndiye yule yule aliyekuwa, katika miaka hiyo hiyo, akisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, kule Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, na kuba ndefu ya paa lake aliijenga kwa saruji ya Portland iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Basi zege si mgeni kwetu tena. Limekwisha kuzeeka kati yetu, na kizazi cha leo, pamoja na kazi ya kujenga, kimerithi kazi ya kukarabati, ambayo ni kazi yenye elimu yake na adabu zake mbali.

Ili nieleweke, na nianze na maji. Mtu atokaye Masasi, penye majabali yaliyosimama peke yake katikati ya nchi tambarare, akapanda kwenda Newala, hufika katika nchi ya tabia nyingine kabisa. Masasi mwamba u wazi juu ya ardhi. Newala ardhi ni mchanga na udongo mwekundu wenye kina kirefu, na mvua inyeshayo juu yake hunywewa ikazama vilindini, ikatokeza tena chini katika mabonde ya kandokando ya uwanda. Kwa hiyo mwenyeji wa Newala aweza kusimama ukingoni, pale penye Shimo la Mungu, akauona Mto Ruvuma ukimeta kwa mbali chini yake, na mtungi wa nyumbani kwake usiwe na tone. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za taabu ya wanawake walioshuka mtelemko huo kutafuta maji na kuupanda tena na mizigo vichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyavuta maji ya bondeni kwa mitambo na kuyapandisha uwandani, na tangu miaka ya 1970 Serikali ya Finland ilisaidia sana kuzidisha huduma ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Lakini mtambo una siku za kufanya kazi na siku za kulala, na watu wa uwanda, kwa busara yao wenyewe, hawakuacha kuchimba uani visima vya kuvunia mvua, vikajengwa kwa mawe au matofali au zege, vikapigwa lipu na niru ndani, na mifereji ya bati ikayaongoza maji humo.

Hesabu ya kisima hicho ni nyepesi na yafurahisha moyo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Basi nyumba yenye bati la mita za mraba 60, ikipata mvua ya milimita 900 katika msimu mmoja, hupokea juu ya paa lita 54,000 kabla ya kutoa yale yanayopotea kwa kumwagika na kukauka. Hiyo ni neema kubwa, na ufa wa upana wa ukucha, ukiwa chini ya ukuta wa kisima, waweza kuirudisha neema yote ardhini katika muda wa wiki chache. Hapo ndipo mwenye nyumba humwita fundi, fundi akaja na mwiko na karai, akapaka tabaka jipya la saruji juu ya lile la kale, likang'aa na kupendeza. Na baada ya msimu wa pili au wa tatu, tabaka lile hububujika mapovu, likabanduka vipande vipande kana kwamba halikupata kuwa mwilini mwa ukuta. Watu husema saruji ilikuwa mbovu. Aghalabu saruji haina kosa.

Kosa li katika mpaka, yaani pale mahali pembamba ambapo jipya na la kale hukutana. Yapasa kwanza tufahamu kwamba zege changa linapokauka hunywea: maji yasiyotumika katika kuganda kwake huondoka, na mwili wake hupungua kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lakini ambacho katika urefu wa mita 10 za sakafu chaweza kufika milimita 5 au zaidi. Zege la kale lilikwisha kunywea miaka mingi iliyopita, na sasa limetulia. Basi unapolaza jipya juu ya la kale unakuwa umefunga pamoja viumbe viwili, mmoja anayetaka kujikunja na mwingine asiyetaka kwenda popote; na nguvu yote ya ugomvi wao huiangukia ile sehemu ya kukutania. Ikiwa mshikamano una nguvu kuliko mvuto huo, tabaka litakaa, na zikitokea nyufa zitakuwa nyembamba zisizodhuru. Ikiwa mshikamano ni dhaifu, kingo na pembe zitainuka kwanza, maji yataingia chini yake, na kazi iliyobaki ni ya wakati tu kuimaliza.

Sasa, ni nini kinachoudhoofisha mshikamano? Sababu ya kwanza imefichwa katika kitu tunachokisifu. Zege linapomwagwa na kusawazishwa, maji hupanda juu yakichukua saruji laini na vumbi la mchanga, na yakishakauka huacha utando mwembamba usio na nguvu, kama ule utandao juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Tabaka jipya likimiminwa juu ya utando huo litaushika kwa uaminifu. Lakini utando wenyewe haukulishika zege la chini, na siku ya kubanduka hubanduka pamoja na mgeni wake. Kisha iko niru, ambayo mwenye nyumba huionea fahari kwa wororo wake na ambayo kisima hakiwezi kuikosa, kwa kuwa huziba vitundu na kuyazuia maji yasipenye. Sifa hizo hizo zinazoifanya niru ifae kwa maji huifanya isifae kuwa msingi wa tabaka jingine, maana haina ukwaruzo wa kushikiwa wala kitundu cha kuingiwa. Juu ya hayo huja uchafu wa miaka: matope yaliyotuama chini ya kisima, ukungu wa kijani, rangi, chokaa, masizi, mafuta. Kila kimoja ni pazia kati ya wawili wanaotakiwa kuungana.

Kwa hiyo mtu mwenye ustadi, kabla ya kufungua mfuko wa saruji, huchukua nyundo ndogo au kipande cha nondo akaanza kugonga. Hugonga ukuta wote na sakafu yote, shibiri kwa shibiri, akisikiliza. Mahali palipo pazima hujibu kwa sauti kavu na ya juu. Mahali palipoachana hujibu kwa sauti ya uwazi, nzito, ya kitu kilicho tupu ndani. Huchora kwa mkaa kila mahali palipo tupu, na yote yaliyochorwa huyabomoa mpaka akute uzima, kwa kuwa hakuna hekima katika kulishikamanisha tabaka jipya na lile ambalo lenyewe halikushikamana na kitu. Nyufa nazo huzichunguza kwa namna nyingine. Ufa uliokufa, yaani uliofunguka zamani na kukoma, waweza kuchimbwa na kuzibwa; lakini ufa ulio hai, unaofunguka na kufumba kwa sababu ardhi chini yake yasogea, utapita katika tabaka jipya kama ulivyopita katika la zamani. Namna ya kuutambua ni kubandika plasta nyembamba kukatiza ufa, kuandika tarehe kando yake, na kungoja majuma kadhaa: plasta ikikatika, tatizo li katika msingi, na lipu haitakuwa dawa yake.

Baada ya kugonga huja kudonoa. Uso wote uliobaki, hata ule ulio mzima, huchongwa kwa tindo na nyundo mpaka utando na niru viondoke na kokoto zilizomo ndani zionekane. Wahandisi wa Marekani, katika kanuni zao za ujenzi, hutaka tofauti ya kimo kati ya vilele na mabonde ya uso kama huo ifike kiasi cha milimita 6, na hicho ni kipimo ambacho fundi wa Newala aweza kukikadiria kwa ncha ya kidole. Lakini kudonoa nako kuna kiasi chake. Anayelipiga zege kwa nyundo nzito au kwa mashine kubwa ya kuvunjia huacha chini ya uso nyufa ndogo zisizoonekana, akawa ameondoa utando dhaifu na kuleta udhaifu mwingine mahali pake. Ndiyo sababu katika nchi zenye mitambo, madaraja hukwanguliwa kwa maji yenye shinikizo kubwa, ambayo huondoa kilicho kibovu na kukiacha kilicho kizima. Sisi tusio na mitambo hiyo tuna tindo yenye makali, nyundo ya uzito wa wastani, na mkono wenye subira, na hivyo vyatosha kabisa. Mchongaji na afunike pua na mdomo, na ayakinge macho, kwa maana vumbi la mawe likikaa mapafuni halitoki. Na yeyote ashukaye ndani ya kisima asishuke peke yake, wala pampu ya petroli isiwashwe humo, kwani moshi wake huua pasipo kutoa onyo.

Kisha husafishwa: kufagia, kusugua kwa brashi ya waya, kuosha, na kuosha tena mpaka maji yatoke safi. Kisha huja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye siri kubwa kuliko yote, nalo ni kulinywesha zege la kale. Zege kavu lina kiu. Ukiliwekea zege bichi juu yake, litafyonza maji kutoka katika ule upande wa chini ambao ndio uliopaswa kuyatumia maji hayo kugandia, na saruji ya mpakani itabaki unga usio na nguvu. Kwa hiyo uso hulowanishwa usiku kucha, na ni bora zaidi siku nzima na usiku wake. Lakini asubuhi, kabla ya kumimina, maji yote yaliyotuama hufutwa kwa kitambaa mpaka zege liwe limeshiba ndani na halimeti kwa nje. Sababu yake ilidhihirishwa na mtafiti wa zege Duff Abrams huko Chicago mwaka 1918, alipobainisha kwamba nguvu ya zege hupungua kadiri maji yanavyozidi kwa kulinganishwa na saruji. Na kidimbwi kilichoachwa mpakani ni maji yaliyozidi mahali ambapo nguvu ilihitajiwa kuliko kwingineko.

Juu ya uso huo ulioshiba hupakwa rojo la saruji, au la saruji na mchanga laini kwa kiasi sawa, likasuguliwa kwa brashi ngumu liingie katika kila kitundu; na tabaka jipya lifuate papo hapo, rojo lingali bichi. Hapa mafundi wengi huponzwa na haraka ya aina nyingine: hupaka rojo chumba kizima, kisha huenda kuchanganya zege, na warudipo rojo limekwisha kukauka. Rojo lililokauka si kiungo tena, bali ni utando mpya tulioutengeneza kwa mikono yetu wenyewe baada ya kuuondoa ule wa kale kwa jasho, na ni afadhali lisingalipakwa. Ipakwe sehemu ndogo, ifunikwe, ndipo ipakwe nyingine. Madukani siku hizi ziko pia gundi za kuchanganya na rojo, na zile zilizotengenezwa kwa jamii ya mpira, zikitumika kwa maelekezo yake, husaidia kweli. Lakini gundi nyeupe ya jamii ile itumiwayo na maseremala haifai kabisa mahali penye maji, kwa kuwa ikilowa hulainika tena. Na kisima, wasikilizaji wangu, ni mahali penye maji.

Lililobaki baada ya hapo ni kulitunza tabaka lisikauke upesi, kwa muda usiopungua siku 7, ili lipate nguvu ya kuvumilia mvuto wa kunywea kabla mvuto huo haujaja. Na hapa ndipo uwanda wa Makonde una shida ambayo vitabu vya ng'ambo havikuifikiria. Kisima hakikarabatiwi kikiwa na maji, hungojwa kikauke. Kwa desturi yetu hukauka mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, na wakati huo huo ndipo korosho huanza kuuzwa na fedha kuingia mkononi. Basi ukarabati huangukia katika majuma ambayo jua ni kali, ukuta umekauka mpaka ndani, upepo wa ukingoni haupoi, mvua imekaribia na kila mtu ana haraka, na ndoo ya maji ina bei. Kazi ihitajiyo maji kuliko zote imewekwa katika mwezi usio na maji. Nani basi atamwaga ndoo nzima juu ya ukuta kwa ajili ya kuulowanisha tu, ilhali watoto wangoja maji ya kunywa?

Mimi nasema tatizo hilo lina dawa, na dawa yake ni kutangulia. Mwenye kisima akigonge kuta zake mwezi wa Julai au Agosti, maji yangali kiunoni au magotini, na sehemu iliyo juu ya maji ianze kudonolewa mapema. Maji ya mwisho yahamishwe katika mapipa, na fungu moja la maji hayo liwekwe wakfu kwa ajili ya kazi, kama tunavyotenga mbegu ambazo hata njaa haituruhusu kuzila. Zaidi ya hayo, kisima chenyewe ni msaidizi: mdomo wake ukifunikwa baada ya kazi, hewa ya ndani hubaki na unyevu mwingi, na ukuta ulionyunyiziwa asubuhi na jioni hautakauka kama ambavyo ungekauka mahali pa wazi. Kwa sakafu ya nje au ya ghala, magunia yale yale ya kutilia korosho, yakilowanishwa na kutandazwa, huhifadhi unyevu kwa maji machache kuliko yale yanayomwagwa ovyo mchana jua likiwa utosini.

Nimeyataja magunia, na sasa niseme kidogo juu ya maghala. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vikiwemo vya Newala na Masasi, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Mavuno ya nchi, yaliyokuwa yamefika tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, yalianguka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na viwanda vingi vikasimama, vingine vikageuzwa maghala. Tangu mwaka 2007, ulipoanza utaratibu wa stakabadhi ghalani katika zao la korosho, ghala limekuwa mahali ambapo jasho la mkulima hupimwa na kungoja mnunuzi. Na sakafu iliyobomoka, inayopitisha unyevu wa chini na kutoa vumbi, huushusha ubora wa korosho iliyovunwa kwa uangalifu. Kwa hiyo sakafu za zamani hutiwa tabaka jipya, na mara nyingi hupasuka katika msimu ule ule wa kwanza wa malori.

Sakafu iliyowahi kupokea maganda ya korosho ina adui wa peke yake. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali, yale yanayochoma ngozi ya mbanguaji, nayo yakimwagika huzama katika zege na kukaa humo miaka na miaka. Sabuni na maji hutoa yaliyo juu tu. Njia ya kuyatambua ni nyepesi: baada ya kudonoa na kusafisha, dondosha matone ya maji juu ya uso ulio mkavu, yakinywewa, zege limefunguka, yakisimama duara juu ya uso yasienee, mafuta bado yapo, na hapana budi kuchonga zaidi. Yako mahali ambapo mafuta yamezama mno hata kuyafuata ni kuimaliza sakafu yote. Hapo fundi mkweli hamdanganyi mwenye ghala kwa kumwahidi mshikamano usiowezekana. Humwambia atandaze nailoni nzito, kisha amimine juu yake sakafu inayojitegemea, nene, isiyo na deni kwa ile ya chini. Kwa maana tabaka lililoshikamana laweza kuwa jembamba, kiasi cha milimita 25 hadi 40. Lakini lisiloshikamana lisipungue milimita 50 hata kwa miguu ya watu, na kwa mizigo mizito lifike milimita 100. Balaa huzaliwa katikati: pale tabaka jembamba linapolazwa juu ya uso usioshikika. Vilevile, palipo na maungo yaliyoachwa makusudi katika sakafu ya zamani, maungo hayo yapandishwe mpaka juu mahali pale pale, la sivyo sakafu mpya itajikatia yenyewe, na haitakata kwa mstari ulionyooka.

Wasikilizaji wangu, nimeyasema haya yote kwa urefu ili nifike kwenye neno moja ambalo ndilo lililonileta mbele yenu. Hatukosi saruji, tangu mwaka 2015 mkoa wetu wa Mtwara una kiwanda kikubwa cha kuitengeneza. Hatukosi mawe, maana Masasi imejaliwa mawe. Hatukosi mafundi hodari, na wengi wao wanayajua haya niliyoyasema kuliko nijuavyo mimi. Tunachokosa ni bei. Kazi ya kudonoa, kusafisha, kunywesha na kutunza haina bei katika makubaliano yetu. Fundi hulipwa kwa mita ya mraba ya lipu iliyokwisha kulainishwa, na siku zake za tindo na vumbi huhesabiwa kuwa ni uvivu, kwa sababu jioni mwenye kazi hupita akaona ukuta u mbaya kuliko alivyouacha asubuhi. Mafundi wawili wakitaja gharama, mmoja akiweka ndani yake siku za matayarisho na mwingine asiziweke, kazi hupewa wa pili. Na siku ya kukabidhi, kazi za wote wawili zingelikuwa na sura moja, nyororo na ya kung'aa, hata jicho la mhandisi lisingezitofautisha. Kwa desturi hiyo tumemwadhibu mwaminifu na kumtuza mwenye haraka, kisha lipu ibandukapo twalalamika kwamba mafundi hawana uaminifu. Hiyo si insafu.

Wako watakaonijibu kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kulipia siku ambazo hazionyeshi kitu. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa najua uzito wa shilingi katika nyumba ya mkulima. Lakini na tupime upande wa pili wa mizani. Tabaka lililobanduka hudai gharama tatu: kuling'oa, kulinunua tena na kulipaka tena, na katika kisima hudai ya nne, ambayo ni kubwa kuliko zote, yaani maji ya msimu mzima yaliyopotelea ardhini, na miguu ya mama au binti itakayoyafuata mbali. Tindo haili saruji. Matayarisho ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya vifaa, na mikono tunayo. Vijana wa nyumbani wakionyeshwa waweza kudonoa na kusugua vizuri chini ya jicho la fundi, na gharama ikapungua pasipo kazi kuharibika.

Kwa hiyo nazisihi kamati za visima, za shule, za zahanati na za vyama vya msingi vya ushirika, pamoja na kila mwenye nyumba atakayemwita fundi kabla ya mvua zijazo: katika makubaliano yenu andikeni mistari mitatu iliyo mbali mbali, kila mmoja na bei yake. Wa kwanza uwe kugonga, kudonoa na kusafisha. Wa pili kunywesha, kupaka rojo na kulaza tabaka. Wa tatu kulitunza na unyevu siku 7. Malipo ya mstari wa kwanza yatolewe baada ya wanakamati kuona kwa macho yao kokoto za zege la kale zikiwa wazi na matone ya maji yakinywewa, na tabaka lisilazwe kabla ya ukaguzi huo. Na baada ya siku 28, kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, mzee mmoja na kijana mmoja wapite na kipande cha nondo wakigonga sakafu yote au ukuta wote, na mahali patakapojibu utupu pafanywe upya. Ukaguzi huo hauhitaji cheti wala mashine. Unahitaji masikio na haki. Fundi mwema ataufurahia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza ile sehemu ya kazi yake iliyokuwa ikifunikwa bila kuonekana itakuwa imeonwa, imethaminiwa na imelipwa.